Somo la Historia: Mji Uliozaliwa kwa Siku Moja

Wanafunzi wa Mabira na kwingineko, kaeni karibu na redio, kalamu mkononi. Leo tutasoma habari za mji uliotokea katika mkoa wetu wa Kagera bila ramani wala matofali.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokimbia vita vya Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Kwa saa 24 waliingia watu wapatao 250,000, wakakaa Benaco, wilayani Ngara. Penye majani na miti pakawa mji. Makambi mengine yakafuata, Ngara na pia Karagwe, wilaya iliyokuwa na Mabira ndani yake mpaka Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012.

Je, watu hao walipikia nini? Chakula kililetwa kwa malori, lakini kuni zilitoka porini. Wakimbizi wa mkoani walipofika kama 600,000, kila siku zilichomwa tani 1,200 hivi za kuni. Haya, tufanye hesabu. Tani 1 ni kilo 1,000. Basi tani 1,200 ni kilo 1,200,000. Gawanyeni kwa watu 600,000. Mmepata ngapi? Kilo 2 kwa kila mtu.

Fikirini sana jibu hilo. Kilo 2 ni vijiti vichache vya kuivisha maharage. Mama yule hakuwa mlafi. Aliwapikia wanawe kama mama wa hapa. Lakini wengi wakikata mahali pamoja kila siku, mti haupati nafasi ya kuchipua. Makambi mengi yalipofungwa mwishoni mwa 1996, misitu ya kilomita za mraba 570 ilikuwa imeguswa, na 167 kati ya hizo ziliharibika vibaya. Mvua ikipiga ardhi tupu, udongo huteremka bondeni, na migomba hubaki na mawe.

Mji ule ulikua kwa siku moja, kila mtu akauona. Miji yetu ya biashara hukua polepole: mwaka huu nyumba mbili, mwaka ujao tanuri la matofali. Hatushtuki. Lakini hesabu ni ile ile. Basi anayetaka kujenga apande miti kwanza, na asiguse miti ya chemchemi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Nyumba yako huchoma kilo ngapi za kuni kwa siku?
2. Kijijini kwenu kuna nyumba ngapi? Zidisha.
3. Miti hiyo itatoka wapi miaka 10 ijayo?

Kwaherini mpaka somo lijalo.