Barua za askari wa KAR na wake zao

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1939, maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walijiunga na jeshi la King's African Rifles (KAR) na vikosi vingine vya Uingereza. Kutoka Kenya pekee walikwenda Waafrika wapatao 98,000. Walipigana Ethiopia mwaka wa 1941, Madagascar mwaka wa 1942, kisha Burma, ambayo leo ni Myanmar, mwaka wa 1944. Kwa aliyekuwa ng'ambo ya bahari, barua ndiyo iliyokuwa njia ya kuzungumza na mkewe.

Hata hivyo, barua hiyo haikuwa siri ya watu wawili. Askari wengi hawakujua kusoma wala kuandika, hivyo walimwomba mwenzao awaandikie. Baada ya hapo ilipita kwa mkaguzi wa jeshi, aliyefuta kila neno ambalo lingemfichulia adui mahali kikosi kilipo. Kwa hiyo mke aliyeuliza mumewe yuko wapi hakuweza kujibiwa. Barua ilipofika kijijini, mke asiyejua kusoma alimtafuta mwalimu au mtoto wa shule amsomee. Na kama iliandikwa kwa Kiswahili ilhali yeye anajua Kikamba au Kinandi tu, msomaji alilazimika kuwa mkalimani pia. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Si rahisi mke kumweleza mumewe kwamba mkwe ndiye aliyezila pesa, hasa ikiwa anayeshika kalamu ni mpwa wa mkwe huyo.

Pesa ndizo zilizozua malalamiko mengi. Askari walituma nyumbani sehemu ya mishahara yao, na si mara zote zilimfikia mke. Wakaguzi walikuta pia habari za ng'ombe waliouzwa bila idhini, za mahari, na fununu kwamba mke ameonekana na mwanamume mwingine. Makamanda waliona kwamba habari za aina hiyo zinavunja moyo wa askari, wakayapeleka malalamiko kwa wakuu wa wilaya. Ugomvi wa chumbani ukawa shauri la serikali.

Mnamo Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Karibu watu 1,300 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Jeshi lilikuwa limeanzisha kikosi cha elimu mwaka wa 1942, na walimu wake walifunzwa katika shule ya Jeanes, Kabete. Askari wengi waliketi darasani kwa nia moja: waandike barua zao wenyewe. Huko nyumbani wake zao hawakupewa darasa kama hilo.

Barua nyingi za wanandoa hao zimepotea. Vipande vilivyosalia vimo zaidi katika ripoti za wakaguzi wale wale waliozifungua.