Mapenzi ya Uzeeni katika Vichekesho vya Runinga

Historia ya kambi ya Dzaleka na historia ya runinga nchini Malawi zinapitia mlango mmoja, mwaka 1994. Wakati wa Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza na nchi haikuwa na kituo cha televisheni. Banda alishindwa uchaguzi mwaka 1994, na mwaka huohuo kambi ikaanza kupokea wakimbizi. Televisheni ya taifa ilifuata mwaka 1999. Hata hivyo, vichekesho vya Kiswahili tunavyovijua vilitengenezwa Kenya na Tanzania. Insha hii inauliza: vichekesho hivyo vilimpa mzee nafasi gani katika mapenzi?

Mfano wa kwanza ni Vitimbi, mchezo wa televisheni ya taifa ya Kenya uliopata umaarufu tangu miaka ya 1980. Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, aliigiza mume, na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, aliigiza mkewe. Watazamaji wengi waliamini kwamba wawili hao ni mume na mke kweli. Walionyesha kwamba wazee wanaweza kugombana, kupatana na kuchekesha. Lakini ndoa yao tuliikuta tayari. Hatukuwaona wakichumbiana.

Baadaye, katika filamu nyingi za vichekesho za Tanzania, mzee akipenda humpenda binti, na aibu yake ndiyo kichekesho chenyewe. Methali inamtetea: ng'ombe hazeeki maini. Lakini methali hiyo huambiwa mwanamume. Mjane wa miaka 60 anayetaka mwenzi hana methali ya kumtetea.

Kwingine mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1985 runinga ya Marekani ilianza kuonyesha The Golden Girls, mchezo wa wanawake wanne wenye umri mkubwa, watatu wajane na mmoja mtalaka, ambao walitoka na wanaume bila kuomba ruhusa kwa watoto wao. Watu walicheka pamoja nao.

Kwetu suala hili si la burudani tu. Vita vya Burundi vya mwaka 1993, mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 na vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998 vilivunja ndoa nyingi. Aliyefiwa akiwa na miaka 30 leo anakaribia miaka 60 au ameipita. Akipata mwenzi, majirani hucheka, na watoto huuliza, "Mama, unatafuta nini tena?"

Kwa hiyo, vichekesho vyetu vimerekodi ndoa ya wazee na tamaa ya wazee, lakini uchumba wao vimeuacha nje. Mwandishi wa Dzaleka atakayeuandika atakuwa ameongeza ukurasa katika historia ya vita hivyo: ukurasa wa watu walionusurika, kisha wakathubutu kupenda tena.