Mlungula wa Wakubwa, Njaa ya Askari: Funzo la Zaire



Nchi changa inapokaribisha mitaji ya kigeni, aghalabu huulizwa ni fedha kiasi gani zitakazoingia. Swali zito zaidi ni hili: nani atabaki na faida, na nani atabaki na deni? Jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walilijibu swali hilo kwa machungu makubwa chini ya utawala wa Mobutu, na miongoni mwa walioyaonja machungu hayo ni askari wenyewe.

Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965. Mwanzoni mwa 1967 serikali yake ilitaifisha migodi ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Hilo lilikuwa tendo la haki. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 alipotangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yangekabidhiwa kwa wananchi, waliofaidi walikuwa jamaa zake, mawaziri na wakuu wa chama. Wengi waliuza bidhaa walizozikuta, kisha wakafunga milango. Mara bei ya shaba ikaanguka, na nchi ikaelemewa na madeni.

Mikopo mingi ilikuwa ya miradi ya fahari. Mmojawapo ni njia ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi migodi ya Shaba, mwendo wa kilomita zipatazo 1,700. Ilikamilika mwaka 1982, imechelewa kwa miaka na kugharimu kupita makadirio. Makampuni ya kigeni yalilipwa ujira wake. Nyaya zikapita juu ya vijiji vilivyobaki gizani. Deni wakaachiwa wakulima na wafanyakazi.

Wakopeshaji hawakukosa kuonywa. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kuisimamia Benki ya Zaire. Aliondoka mwaka uliofuata, na katika taarifa yake ya 1982 alieleza kwamba maadamu rushwa ile ingalipo, wadai wasitumaini kurudishiwa fedha zao. Hata hivyo mikopo iliendelea kutolewa, kwa kuwa Mobutu alihesabiwa kuwa rafiki wa nchi za Magharibi. Mla rushwa hawezi kustawi peke yake. Lazima awepo wa kumpa na wa kumfumbia macho.

Je, jeshi lilipata nini? Maofisa walizoea kula mishahara ya askari wao. Waasi kutoka Angola walipoingia Shaba mwaka 1977, ilibidi waletwe askari wa Morocco. Walipoiteka Kolwezi mwaka 1978, walikuja Wafaransa na Wabelgiji. Taifa lililojaa madini halikuweza kuyalinda madini yake lenyewe. Septemba 1991 askari wenye njaa waliasi na kupora mji wa Kinshasa. Januari 1993 waliasi tena, baada ya kulipwa noti ambazo wenye maduka walizikataa. Wakati huo Gécamines, shirika la umma lililorithi migodi, lilikuwa taabani: lilikuwa limetoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, lakini kufikia 1994 halikufikisha tani 50,000. Mei 1997, waasi walipoikaribia Kinshasa, jeshi lile halikuwa na sababu ya kumpigania Mobutu, naye akakimbia.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Askari aliyepora duka mwaka 1991 alimnyang'anya mwananchi mwenziwe, aliyekuwa ameibiwa na wakubwa wale wale. Alidhani analipiza kisasi, kumbe anakamilisha kazi yao.

Basi tusidhani kwamba mikataba ya migodi na mikopo ni mambo ya mawaziri na wenye mabenki pekee. Mkataba uliotiwa sahihi gizani leo ndio mshahara utakaokosekana kesho, na ndiyo risasi itakayokosekana mpakani. Kulinda mali ya umma ni sehemu ya ulinzi wa taifa.