Moto wa Mpitimbi na historia ya gari la faya

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana, lakini nipo. Leo sina habari za hosteli wala za foleni ya msosi. Nataka kuwaletea historia kidogo, maana ndiyo ninayosoma hapa Mlimani, na kama haitanisaidia kuelewa mambo ya nyumbani basi nasoma bure.

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Mpitimbi, Songea vijijini. Ilikuwa mwezi wa kumi, wakati ule watu wanachoma mashamba kusubiri mvua. Mchana upepo ukageuka, cheche zikaruka hadi kwenye paa la nyasi la mzee mmoja jirani yetu. Jamani, nyasi kavu za mwezi wa kumi hazina mjadala! Tulikimbia na ndoo, matawi mabichi na mchanga. Mkewe alikuwa analia "mahindi, mahindi!", kwa sababu kihenge kilikuwa ubavuni mwa nyumba. Hatukuwahi. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu, lakini nyumba na chakula cha mwaka mzima vilikwenda.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba hakuna aliyepiga 114. Simu tulikuwa nazo, wengine hata walikuwa wanapiga picha. Lakini namba ya zimamoto haikumjia mtu, hata mimi ninayejiita msomi. Jioni nikauliza, mzee mmoja akanijibu kwa upole tu: "Mwanangu, faya ni ya mjini."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka maktaba. Na nimegundua kwamba mzee alisema kweli, na ukweli huo una zaidi ya miaka 300.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1666 sehemu kubwa ya London iliungua. Baada ya hapo yakazuka makampuni ya bima, nayo yakaajiri watu wao wa kuzima moto. Nyumba iliyolipiwa bima iligongewa kibati cha kampuni ukutani. Maana yake zimamoto ilifuata mali. Mwaka 1672 kule Amsterdam, Jan van der Heyden akaleta mipira ya ngozi ya kupitishia maji, badala ya watu kupasiana ndoo. Karne ya 19 zikaja pampu za mvuke zilizovutwa na farasi, halafu karne ya 20 magari ya injini. Majumba yalivyopanda, ngazi nazo zikarefuka na matangi yakakua. Gari kubwa tunalolijua leo, lile jekundu, limeundwa kwa kuamini vitu viwili: kwamba barabara ipo, na kwamba bomba la maji lipo mtaani.

Sisi tuliipokea faya hivyohivyo, kama kitu cha mji. Kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya halmashauri. Sasa, mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, huduma za miji zikayumba vibaya, mpaka halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Kama mjini penyewe hali ilikuwa hiyo, kijijini nani angeuliza habari za gari la zimamoto? Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hatua kubwa hiyo, sibishi. Lakini jeshi lilirithi vituo pale vilipokuwa, yaani mijini.

Sasa turudi Ungoni. Kwetu moto una kumbukumbu mbaya. Wakati wa Vita vya Maji Maji misheni ya Peramiho ilichomwa moto, mwaka 1905. Halafu Wajerumani wakajibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na akiba za chakula, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Na hapa ndipo niliposhtuka kule maktaba. Wakati maaskari wao wanachoma vihenge vya babu zetu, huko kwao Ujerumani vijiji vingi vilikuwa tayari na vikosi vya kujitolea vya kuzima moto! Vikosi hivyo vilianza kuenea tangu miaka ya 1840. Mkulima wa kule alijua pampu ya kijiji inakaa wapi na nani ana ufunguo. Utaalamu walikuwa nao. Kwetu waliuleta moto, pampu wakaiacha kwao.

Baada ya uhuru ikaja Operesheni Vijiji, mwaka 1973 hadi 1976. Watu waliokuwa wametawanyika wakakusanywa, nyumba zikasogeleana. Faida zake tunazijua, shule na zahanati zikawa karibu. Ila mimi nafikiri jambo moja lilisahaulika: nyumba za nyasi zikikaribiana, moto nao unapata majirani. Tulijengewa kijiji, hatukupewa kitu cha kukilinda.

Na isidhaniwe hii ni habari ya mapaa ya nyasi tu. Mwaka 1994 bweni la wasichana la Shauritanga, Rombo, liliungua, wakafa wanafunzi zaidi ya 40. Mwaka 2009 ikawa Idodi, Iringa vijijini, wasichana 12. Kote mbili ulitajwa mshumaa. Shule za namna hiyo ziko mbali na miji, na bweni likishika moto halisubiri gari litoke makao makuu ya mkoa. Dakika kumi za kwanza ndizo zinazoamua.

Sasa nifike ninakotaka. Historia ya faya ina tawi la pili ambalo halitajwi sana, la vigari vyepesi. Ujerumani ya miaka ya 1950 na 1960 vijiji vilitumia vigari vidogo, vingine ni kombi za Volkswagen, vyenye pampu ya kushushwa na kubebwa kwa mikono mpaka mtoni. Japani wana vigari vidogo mno, injini haizidi sisi 660, vinapita vichochoroni na kwenye mashamba ya mpunga, na wanaoviendesha ni wanakijiji. Wana wazimamoto wa kujitolea zaidi ya laki saba! Australia wakulima hupachika tangi na pampu nyuma ya pikapu msimu wa moto ukikaribia, ukiisha wanashusha, pikapu inarudi kubeba mizigo.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Gari lenye lita 5,000 limebeba tani tano za maji kabla hujahesabu chuma chake. Masika lipeleke kwenye njia za vitongojini kwetu uone. Pikapu ya tani moja inabeba lita 400, pampu, mipira na watu watatu, na bado inapita.

Najua mtaniambia, "Lita 400 ni nini?" Swali zuri. Ukitumia lita 50 kwa dakika, una dakika nane tu. Lakini paa linapoanza kushika, dakika nane ni nyingi, na zikiisha pampu inashushwa kijitoni. Kwa kiwanda au ghala kubwa halitoshi, pale lete kubwa. Pia kuna swali la mafuta, la fundi, na la nani atakaa na ufunguo ili gari lisigeuke kuwa la kwenda harusini, he he he! Hayo ndiyo ya kubishania. Ila tusiendelee kulipima gari la kijijini kwa ukubwa wa tangi. Tulipime kwa muda wa kufika. Lita elfu tano zinazofika nyumba ikiwa majivu ni maji ya kumwagilia majivu.

Mzee wetu hakuwa analalamika. Alikuwa anataja kitu anachokiona cha kawaida, kama mtu anavyosema bahari iko Dar. Hilo ndilo linaloniuma. Bahari iliwekwa na Mungu. Vituo vya faya viliwekwa na watu, na kilichowekwa na watu kinaweza kusogezwa.

Jirani yetu amejenga tena, safari hii kwa bati, kwa michango ya ndugu. Mahindi aliazimwa.

Haya, nyie mnaotoka vijijini, kwenu moto ukiwaka mnampigia nani? Niambieni. Mimi narudi kwenye vitabu, kesho kuna semina saa mbili asubuhi. Tuko pamoja!