Mgeni, Jembe na Kisima

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunayatumia maneno hayo kwa kucheka, mgeni anapokawia nyumbani. Lakini yana fundisho zito ndani yake. Kumpa mgeni jembe ni kumpa pia mahali pa kulima. Basi, wageni wakifika si mmoja wala wawili, bali maelfu kwa mara moja, kijiji kitapata wapi mashamba ya kuwagawia? Nao watateka maji wapi? Tunataka kujibu swali hilo kwa habari ya kweli, iliyotokea ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika.

Mwishoni mwa Aprili 1972 maasi yalizuka kusini mwa Burundi, na watu wengi wakauawa, hasa Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi. Wahutu waliosoma walitafutwa kwanza: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali. Wengi wanaohesabu maafa hayo husema waliokufa walizidi 100,000. Walionusurika wakakimbia. Wengine waliingia kwetu kwa upande wa Uvira, wengine walikwenda Rwanda, na wengi sana walikwenda Tanzania.

Je, nani aliwapokea kwanza huko Tanzania? Ni wakulima wa Kigoma, wanaoitwa Waha. Lugha yao, Kiha, na lugha ya Kirundi ni kama watoto wa mama mmoja. Mkimbizi aliyefika usiku na kuomba maji alieleweka mara moja. Tusilisahau jambo hili: katika siku za kwanza mzigo wa wageni hubebwa na maskini wa mpakani, kabla ya lori lolote la msaada kufika. Lakini ghala la mkulima limepimwa kwa watu wake mwenyewe, mpaka mavuno yajayo. Akigawa leo, kesho atapungukiwa. Moyo wake unaweza kuwa mpana, lakini ghala halitapanuka pamoja nao.

Kwa hiyo serikali ya Rais Julius Nyerere iliamua kuwapeleka wageni mbali na mpaka, katika nchi yenye watu wachache. Mwaka 1972 makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa katika mkoa wa Tabora. Mwaka 1973 yakafuata ya Katumba, karibu na Mpanda. Huko kulikuwa na pori la miombo, na mbung'o wengi. Serikali ilitoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitoa fedha, na shirika la TCRS, lililoanzishwa na Walutheri, lilisaidia kazi za visima, barabara, shule na zahanati. Wageni walipewa posho ya chakula mpaka mashamba yao yatakapozaa. Wakakata miti, wakajenga, wakapanda mahindi, maharagwe na mihogo. Baadaye wengine walilima tumbaku ya kuuza.

Hivyo methali ya wazee ilitimizwa: siku ya tatu mgeni alipewa jembe. Lakini Ulyankulu palionekana kosa. Pori lile lilidhaniwa halina mwisho. Kumbe udongo wake na maji yake vilikuwa na kipimo, na watu waliopelekwa pale walizidi kipimo hicho. Basi mwaka 1978 makazi ya tatu yalifunguliwa, ndiyo Mishamo, na maelfu ya watu wa Ulyankulu wakahamishiwa huko. Tuwaze kidogo juu ya baba wa familia aliyekwisha kulima na kujenga kwa miaka sita. Akaambiwa afunge mizigo tena, aanze upya porini. Hakufukuzwa na adui safari hii. Aliondolewa kwa sababu maji na ardhi havikupimwa vema kabla yeye hajafika.

Huko Mishamo kazi ilifanyika kwa uangalifu zaidi. Vijiji vilitawanywa, na kila familia ikapimiwa shamba la hektari 5 hivi. Matunda yakaonekana. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, kwa kuwa wakazi wake walijilisha wenyewe. Ziada waliiuza sokoni, na kodi walilipa. Wale waliofika mikono mitupu wakawa walishaji wa wengine.

Lakini neno moja lilibaki. Miaka zaidi ya thelathini walipewa ardhi, wasipewe jina. Hata mtoto aliyezaliwa Katumba aliitwa mkimbizi, na ilimpasa kuomba ruhusa ili atoke nje ya makazi. Mwaka 2007 waliulizwa: mwarudi Burundi, au mwabaki? Watu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 serikali ilikubali watu zaidi ya 162,000 wawe raia. Hata hivyo waliambiwa kwanza waache mashamba yao na kutawanyika katika mikoa mingine. Wakangoja kwa mashaka. Mwishowe mpango huo uliachwa, na mwaka 2014 wakaanza kupewa hati zao.

Wapenzi wasomaji, sisi wa Kivu na wa Tanganyika tumekuwa wenyeji, tena tumekuwa wageni. Tangu mwaka 1996 ndugu zetu wengi wa Kivu ya Kusini walipokelewa katika kambi ya Nyarugusu, huko huko Kigoma. Wao walipewa posho, hawakupewa mashamba kama wale wa 1972. Na hapa kwetu, vita vikitokea, familia ngapi zimefungua mlango na kulaza watu sakafuni?

Bwana wetu amesema wazi kwamba anayempokea mgeni anampokea Yeye. Amri hiyo haitupi ruhusa ya kuacha kuhesabu. Wageni wakifika parokiani, tuwape chakula na mahali pa kulala. Kisha tuketi pamoja, chifu, wazee, akina mama wanaoteka maji, na wageni wenyewe. Tuulize: Kisima hiki chatosha watu wangapi? Shamba gani liko wazi, na mwenyewe amekubali? Nani atamlisha mgeni mpaka mavuno ya kwanza, na nani atamrudishia mwenyeji aliyemaliza ghala lake?

Tukisahau maswali hayo, mwenyeji atachoka na mgeni ataaibika, kisha chuki itaingia kati yao. Tukiyajibu mapema, siku ya tatu tutampa mgeni jembe kwa furaha, naye atakuwa na mahali pa kulitumia.