Kutoka Wizarani Hadi Mamlaka, na Kurudi Wizarani: Usimamizi wa Barabara Kuu Katika Mpaka wa Busia na Tororo

Makala haya yanachunguza historia ya Mamlaka ya Taifa ya Barabara ya Uganda, ijulikanayo kama UNRA, kwa kuitazama kutoka Busia na Tororo, malango ya mashariki ya nchi hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba uimara wa barabara hutegemea zaidi mwendelezo wa matunzo kuliko jina la chombo kinachoisimamia.

Reli iliyopitia Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli nalo liligawanywa; hatimaye malori yakatwaa sehemu kubwa ya shehena itokayo Mombasa. Barabara za Malaba na Busia, zinazoungana kabla ya Bugiri, zikawa uti wa mgongo wa biashara, zikiwa chini ya wizara.

Sheria ya mwaka 2006 iliunda UNRA, nayo ikaanza kazi Julai 2008. Lengo lilikuwa kutenganisha sera, iliyobaki wizarani, na ujenzi pamoja na matengenezo. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, iliunda mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya vijijini na ya mijini. Hivyo lori livukapo Busia hubadilisha msimamizi, lakini halibadilishi uzito. Uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, uchakavu wa lami hukadiriwa kuongezeka takribani mara 16. Ndiyo maana Jumuiya iliyofufuliwa iliweka kikomo kimoja cha tani 56, na mizani kama ile ya Busitema ikawa ngao ya barabara.

Hata hivyo, mamlaka haikuepuka lawama. Mwaka 2015 tume iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire ilichunguza matumizi ya fedha zake. Mwaka 2024 Bunge lilifuta sheria yake, na majukumu yakarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi kwa hoja ya kupunguza gharama.

Kwa kuhitimisha, mzunguko huo umefungwa ndani ya miaka 16, muda ambao barabara moja huhitaji zaidi ya ukarabati mmoja. Kinachopaswa kulindwa sasa ni kumbukumbu: vipimo vya mizani, hali ya makalavati na tarehe za matengenezo. Wizara ikizirithi, malango ya mashariki yatabaki wazi. Ikizipoteza, itaanza upya huku malori yakiendelea kupita.