Kalamu Kizuizini

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huu wafaa kutufungulia habari za vitabu vilivyoandikwa na Wakenya waliofungwa bila kuhukumiwa zamani za Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni ilikuwa na maelezo yake juu ya kambi za kizuizini, ikayapiga chapa na kuyatangaza. Lakini serikali haikulala katika kitanda kile. Waliolala ni wafungwa, na baadhi yao walishika kalamu.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring mwezi wa Oktoba 1952, ikakomeshwa Januari 1960. Katika muda huo maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Mtu wa kizuizini hakufikishwa mbele ya hakimu, wala hakuambiwa siku atakayotoka. Hilo la pili liliuma zaidi. Aliyehukumiwa miaka 5 aweza kuihesabu ikipungua. Asiyehukumiwa hana cha kuhesabu.

Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa mwaka 1929. Alipokamatwa mwaka 1953 alikuwa kijana wa miaka 24, aliyepata masomo yake katika shule ya King's College Budo, Uganda. Alihamishwa kambi hata kambi, Manyani ikiwa mojawapo, mpaka mwaka 1960. Silaha yake humo ilikuwa elimu. Aliandika barua za malalamiko kwa niaba ya wenzake, zikapenyezwa nje kwa siri, na kwa ajili ya barua hizo aliadhibiwa. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, kitabu chake kiitwacho Mau Mau Detainee kilitoka. Humo alieleza kiapo na viboko. Tena alieleza jinsi wafungwa walivyojiwekea kanuni na kufundishana kusoma, ili utu wao usipotee nyuma ya seng'enge.

Mwingine ni Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya Kikuyu, aliyekamatwa mwaka 1952. Miongoni mwa mahali alipozuiliwa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Aliandika shajara kwa siri, akaihifadhi miaka mingi. Ilipochapishwa mwaka 1983 kwa lugha ya Kikuyu, ilipata Tuzo ya Noma ya mwaka 1984, tuzo ya vitabu vilivyochapishwa Afrika.

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani kuchokonoa kidonda cha zamani? Jibu limo katika habari ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hata wakafa katika kambi hiyo. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi ulipofanywa, ilidhihirika kwamba walikufa kwa kipigo. Wafu hawakuweza kuukanusha uwongo ule. Ulihitaji ushahidi wa walio hai.

Fauka ya hayo, uhuru ulipokaribia, karatasi nyingi za serikali zilichomwa moto, na nyingine zikasafirishwa hadi Uingereza na kufichwa. Kuwapo kwake kulikubaliwa hadharani mwaka 2011, wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Mwezi wa Juni 2013 serikali hiyo ilitamka majuto yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Mateso ambayo Kariuki aliyasimulia mwaka 1963 yalikutwa, miaka 48 baadaye, yametajwa pia katika karatasi za wakubwa wenyewe.

Hata hivyo, shahidi huona kutoka pale aliposimama. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau waliwaua wanaume, wanawake na watoto wa jirani zao. Kisha watu wengi wakauawa kwa kisasi. Waliofiwa usiku ule nao walilala katika kitanda chenye kunguni. Asomaye kitabu kimoja tu amesikia mlango mmoja ukigongwa katika kijiji chenye milango mingi.

Kariuki mwenyewe hakuuona uzee. Aliuawa mwaka 1975, katika Kenya huru, akiwa mbunge. Kitabu chake kimebaki.

Vijana, walioziona kambi zile kwa macho yao wamebaki wachache, na umri umewalemea. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani na amwulize kwa adabu. Na aandike jina la mahali na mwaka, asitie chumvi, wala asipunguze lililo chungu. Na mzee akinyamaza, asimsukume. Wako waliookoka kwa kusema, na wako waliookoka kwa kunyamaza. Kazi ya kijana ni kukaa karibu, kalamu ikiwa tayari.